Kompyuta ya Kujiundia kwa Bajeti Finyu: Nilichokipa Pesa na Nilichokinyima

Nianze na kifaa ambacho hakuna mtu anayekipiga picha akakionyesha: pawa saplai, boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa wa kulisha vifaa vya ndani. Wengi wanaounda kompyuta kwa mara ya kwanza hukinunua mwisho, kwa pesa iliyosalia baada ya prosesa na kadi ya grafiki kujilia zao. Mimi nilikichagua cha kwanza, na sasa kwa kuwa nimeitumia mashine hii kiasi cha kuijua tabia yake, ndio uamuzi ninaouringia kuliko mwingine wowote.

Kazi yangu ni kuhariri video fupi za watu: arusi, mahafali, matangazo ya biashara ndogondogo. Usiku nacheza gemu, na mdogo wangu anacheza kunizidi. Nilitaka mashine ya kazi mbili kwa pesa ya mtu mwenye kazi moja. Kabla sijatazama bei nilijiuliza swali moja kwa kila kifaa: huyu nitakaa naye muda gani? Kile nitakachokibadili mbele ya safari, nichukue kinachotosha leo. Kile kitakachobaki ndani ya kasha hata vingine vyote vikiondoka, nisikibanie. Ukipanga ununuzi hivyo, orodha inapinduka. Pawa saplai, mazabodi (bamba kuu linalounganisha vifaa vyote), kasha na monita vinapanda juu. Prosesa, kadi na diski, ambavyo ndivyo vinavyojadiliwa kutwa kucha, vinashuka kidogo.

Basi pawa saplai. Nilichukua Corsair CX550, ya wati 550. Hesabu yake ni nyepesi. Prosesa niliyoichagua, Ryzen 5 5600, imeandikwa wati 65 kwenye boksi, lakini ikibanwa kazi inaruhusiwa kufika 76. Kadi ya grafiki, Radeon RX 6600, ni wati 132. Mazabodi, RAM, SSD (diski isiyozunguka) na feni, tuseme 50 kwa ukarimu. Hata ukizidisha kwa hofu hufiki 300, na AMD wenyewe, wabunifu wa prosesa na kadi hizi, wanapendekeza pawa saplai ya wati 450 kwa kadi hii. Zile 100 za juu nimezinunua kwa ajili ya kadi itakayokuja baadaye, kwa sababu pawa saplai nzuri huwa na dhamana ya miaka (hii ni mitano) na itazikuta kadi mbili au tatu.

Muuzaji mmoja alijaribu kunirahisishia maisha kwa kasha lililokuja na pawa saplai ndani yake. "Kaka, hii ni wati 700, na umeipata humo humo bure." Nikaishika, nyepesi kama boksi tupu. Nikasoma lebo yake. Kwenye mstari wa volti 12, ambao ndio unaoilisha prosesa na kadi, paliandikwa amperi 25. Zidisha mwenyewe: 12 mara 25 ni wati 300. Zile 400 nyingine sijui zilikuwa zinaishi wapi. Kama hukumbuki kingine chochote unapokwenda dukani, kumbuka kuisoma lebo hiyo. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni ya biashara, namba ya mstari wa volti 12 ndiyo ya kazi.

Na usilewe na nembo ya 80 Plus peke yake. Mpango huo ulianza mwaka 2004 na unapima ufanisi: katika umeme unaovutwa ukutani, kiasi gani kinavifikia vifaa na kiasi gani kinaishia kuwa joto. Bronze, daraja mojawapo la nembo hiyo, kwa vipimo vya volti 115, maana yake ni asilimia 85 ikibeba nusu ya mzigo na 82 ikiwa na mzigo kamili. Nembo haikuambii kama ndani kuna kinga ya kukata umeme volti zikipanda, amperi zikizidi au kukitokea shoti, na kinga hizo ndizo zinazoamua kama pawa saplai ikifa itakufa peke yake au itaondoka na mazabodi. Angalia kama mtengenezaji ameziorodhesha. Ukiona swichi ndogo nyekundu ya kuchagua 115 au 230 nyuma yake, ujue una muundo wa zamani mikononi, urudishe mahali pake.

CX550 ina kasoro moja inayoudhi: nyaya zake zote zimeshikana na boksi, hazichomoki. Usizozihitaji itabidi uzifiche mahali. Mimi nilizikunja nyuma ya bamba la mazabodi nikazifunga kwa vibanio vya plastiki, na bamba la ubavuni likafunga kwa kusukumwa kidogo. Toleo la nyaya zinazochomoka lipo na linagharimu zaidi. Kwa bajeti finyu huo ni urembo.

Mazabodi ni MSI B550M PRO-VDH WiFi. Sura yake ya kiofisi kabisa, haina taa za rangi, nami hilo nililihesabu kuwa faida. Nilichokuwa nakitafuta ni nafasi nne za RAM badala ya mbili, sehemu mbili za kuchomeka SSD za M.2 (zile nyembamba zinazolala juu ya mazabodi), na WiFi iliyokwisha wekwa ili nisije nikanunua kidude cha USB baadaye. Ina pia vitaa vinne vidogo vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT (prosesa, RAM, kadi ya grafiki na kuwasha mfumo). Mashine ikikataa kuwaka, taa inayobaki imewaka inakuambia kuwaka kumekwama kwa nani. Kwa mtu anayeunda mara ya kwanza vitaa hivyo vina thamani kuliko rangi zote za upinde wa mvua, na bado wauzaji hawavitaji.

Kuna mazabodi za A520 (A520, B550 na B450 ni majina ya chipseti, chipu kuu ya mazabodi) ambazo ni rahisi zaidi, na prosesa yangu ingekaa humo bila shida. Nimeziacha kwa sababu mbili. Ya kwanza, A520 inaishia PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya data ya kadi na SSD, na namba kubwa ni kasi zaidi), wakati B550 inatoa PCIe 4.0 kwa kadi ya grafiki na kwa SSD ya kwanza (ile M.2 ya pili inabaki kwenye 3.0, hilo ni la chipseti yenyewe). Ya pili, mazabodi nyingi za bei ya chini kabisa zimebaniwa sehemu inayogawa umeme kwa prosesa: vipande vichache, na juu yake hakuna hata kipande cha chuma cha kupoza. Leo ukiwa na prosesa ya wati 65 hutajua tofauti. Utakuja kuijua siku utakapoweka yenye viini vinane, yaani vitengo vinane vya kuchakata kazi.

B450, ya mwaka 2018, bado inazunguka sokoni, hasa iliyotumika. Si mbaya, lakini ilitoka kabla ya Ryzen za mfululizo wa 5000, kwa hiyo ikiwa BIOS yake (programu ya msingi ya mazabodi inayoiwasha mashine) haijasasishwa itaipokea prosesa yako na kukaa kimya. Muulize muuzaji toleo la BIOS, au chukua mazabodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa fleshi bila prosesa. Kila mazabodi ina ukurasa wa mtengenezaji unaotaja prosesa zinazokubalika na toleo la BIOS linaloanza kuzikubali. Kuusoma ni kazi ya dakika chache, na hauhitaji utaalamu wowote.

Prosesa sasa, na hapa nitakwenda haraka kwa sababu uchaguzi ulijifanya wenyewe. Ryzen 5 5600 ilitoka Aprili 2022: viini 6, nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), kasi inayopanda hadi 4.4 GHz, kashe ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya megabaiti 32, na kipoza joto ndani ya boksi. 5600X ni ndugu yake aliyetangulia mwaka 2020 mwenye 0.2 GHz za ziada ambazo jicho lako halitaziona. 5500 ina jina linalokaribiana, lakini kashe yake ni nusu na inaishia PCIe 3.0, kwa hiyo ichukue tu ikiwa tofauti ya bei ni kubwa kweli. Kwa upande wa Intel, Core i3-12100F ina viini vinne vyenye nguvu na kwa gemu peke yake ingenitosha. Kilichoniondoa kwake ni video. Programu ya kuhariri inapotoa faili la mwisho, viini sita vinaonekana kazi yao. Atakayeichukua hiyo i3 aangalie mazabodi yake: za soketi (tundu la prosesa) ya LGA 1700 zipo za RAM ya DDR4 na zipo za DDR5, sura moja, na RAM ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine kwa sababu pengo la katikati limehamishwa.

Hapo kwenye soketi ndipo kanuni yangu iliponibana. Kama nasema nisikibanie kitakachokaa, mbona sikuchukua AM5, soketi mpya ya AMD iliyotoka 2022, nikachukua AM4 ambayo imefika mwisho wake? Nililipigia hesabu jambo hili kuliko lingine lolote. AM5 inakula DDR5 tu, na mazabodi zake zinaanzia juu zaidi. Nilipojumlisha mazabodi, RAM na Ryzen 5 7600, ile tofauti na seti ya AM4 ilikuwa karibu sawa na kushuka daraja zima la kadi ya grafiki. Ningekuwa na msingi wa kesho na kadi ya jana. Halafu AM4 kufika mwisho hakumaanishi imefungwa: siku prosesa hii ikinielemea, kwenye mazabodi hii hii zinaingia 5700X3D na 5800X3D, zenye viini vinane na kashe ya megabaiti 96, bila kugusa RAM. Nikizikuta zimetumika, ndizo nitakazochukua. Kama kwako tofauti ya bei ni ndogo, nenda AM5 na usitazame nyuma.

Herufi zilizo mwishoni mwa majina ya prosesa zina uzito. F kwa Intel maana yake haina grafiki za ndani. Kwa AMD wa mfululizo wa 5000 ni kinyume, yenye G ndiyo yenye grafiki. 5600 yangu haina, kwa hiyo bila kadi hakuna picha kabisa, na waya wa monita unachomekwa kwenye kadi. Ile HDMI iliyo kwenye mazabodi kwangu ni pambo. Mwenye pesa ya nusu mashine anaweza kuanza na 5600G, atumie grafiki zake za Vega, akaongeza kadi baadaye. Ni njia ya heshima, naipendekeza kwa mwanafunzi. Ila ajue grafiki hizo hukopa RAM ya mashine, hivyo kijiti kimoja cha RAM kitaziua, na 5600G ina kashe nusu ya 5600 na inabaki PCIe 3.0.

Kadi ya grafiki ndiyo iliyokula fungu kubwa kuliko vyote, zaidi ya theluthi ya bajeti. RX 6600 ilitoka Oktoba 2021 ikiwa na gigabaiti 8 za kumbukumbu na plagi moja ya pini 8. Kwenye monita ya 1080p inacheza gemu nyingi kwa mipangilio ya juu bila kuhema, na feni zake huzima kabisa nikiwa naandika. Ukiwasha mambo ya miale ya mwanga inayofuatiliwa, ray tracing kwa jina lake, inaanza kuomba radhi. Mimi huizima hiyo na sijawahi kuikumbuka. Mdogo wangu anasema anaikumbuka, ila yeye hakuchangia.

Kwa kuhariri video nina la kulalamikia. Kadi za NVIDIA zina kitengo cha kusimba video (kuibana iwe faili dogo), NVENC, ambacho kwa H.264, mtindo wa kawaida wa kubana video, kinatoa picha safi zaidi kuliko cha AMD cha kizazi hiki, na programu nyingi za ubunifu zimezoea CUDA, njia ya NVIDIA ya kufanyia hesabu kwenye kadi. Kwa hiyo nilikaa muda mrefu nikiilinganisha na RTX 3050. Katika gemu 6600 inaiacha mbali, na kazi zangu za mwisho huzitoa kwa prosesa, polepole na kwa ubora, wakati nimelala. Hilo likaamua. Anayerusha matangazo ya moja kwa moja au anayetumia Blender, programu ya michoro ya 3D, kila siku aelekee NVIDIA bila kunisikiliza.

Akielekea huko, afungue macho. RTX 3050 ni jina la zaidi ya kadi moja. Ya kwanza, ya Januari 2022, ina gigabaiti 8. Mwaka 2024 ikaja ya gigabaiti 6, na huyo si ndugu aliyepungukiwa kumbukumbu tu: viini vyake ni 2304 badala ya 2560 na njia ya kumbukumbu ni biti 96 badala ya 128. Faida yake ni kwamba inakula wati 70 na inaweza kuishi bila waya wa ziada wa umeme, kwa hiyo ni kadi nzuri ya kuokolea kompyuta ya ofisini. Mchezo huo huo AMD waliucheza na RX 580 2048SP, ambayo kwa ndani ni RX 570. Namba iliyo kwenye boksi haitoshi, soma mstari mzima.

Na RX 6500 XT iacheni. Nasema hivyo kama mhariri wa video. Ina gigabaiti 4, imeunganishwa kwa njia nne tu za PCIe, kwa hiyo ukiiweka kwenye mazabodi ya PCIe 3.0 inapoteza nguvu waziwazi, na haina kabisa kitengo cha kusimba video. Unaweza kuirekodi gemu yako kwa prosesa tu, kadi yenyewe inatazama. Sijui aliyeipitisha alikuwa anafikiria nini.

Vilivyotumika je? Nilizitazama RX 580 za gigabaiti 8 na nikashawishika. Zina umri (mwaka 2017), zinakula wati 185, na nyingi zimetoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Kuchimba siyo lazima kuiue kadi, kinachochoka ni feni na krimu ya kupitisha joto, vyote vinabadilishika. Muuzaji akikuruhusu uijaribu, iendeshe na gemu nzito kwa nusu saa huku ukisikiliza feni na kutazama vidoti vya ajabu kwenye skrini. Fungua pia programu ya bure ya GPU-Z: kadi za kale za NVIDIA zilizobandikwa jina jipya kwa kubadilishiwa BIOS inazitambua na kuziandika kuwa bandia. Muuzaji akikataa jaribio, mshukuru na uondoke. Ningekuwa na pesa pungufu kidogo ningechukua kadi iliyotumika. Pawa saplai na SSD zilizotumika singechukua kwa pesa yoyote, maana uchovu wake hauonekani kwa nje.

RAM. Vijiti viwili vya gigabaiti 8, Corsair Vengeance LPX, DDR4-3200, CL16. Vifupi, vyeusi, havina taa, havigombani na kipoza joto. Kununua kijiti kimoja cha 16 kwa nia ya kuongeza baadaye ni akiba ya uongo, kwa sababu prosesa hizi zina njia mbili za kumbukumbu na kijiti kimoja kinaiacha moja wazi. Vichomeke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha, na hili watu wengi huishi miaka bila kulijua, ingia BIOS kwa kubonyeza Delete mashine inapowaka, washa XMP, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa kwenye RAM yenyewe (kwenye MSI ya AMD imeandikwa A-XMP). Usipofanya hivyo, RAM uliyoilipia 3200 itakwenda kwa kasi yake ya msingi, 2133 au 2666 hivi, na hakuna ujumbe wowote utakaokuambia. Kwa gemu na video za 1080p gigabaiti 16 zinanitosha. Kwa video za 4K zenye michoro mingi hazitoshi, na ndiyo maana nilitaka mazabodi ya nafasi nne.

Kuhusu diski sina mengi. WD Blue SN570 ya terabaiti 1, NVMe ya PCIe 3.0, inasoma kwa megabaiti 3500 kwa sekunde. SSD za SATA, njia ya zamani zaidi, huishia kwenye 550 hivi, na hadi diski (HDD), ile ya kuzunguka, iko mbali chini ya hapo. Lakini nikiri ukweli unaokera wauzaji: kati ya SATA na NVMe, katika kuwasha mashine na kufungua gemu, tofauti utaihisi kidogo sana. Tofauti ya kweli ni kati ya hadi diski na SSD yoyote. Nilichokitazama kwa SN570 ni kwamba seli zake ni TLC (kila moja inashika biti tatu) na imehakikishiwa kuandikiwa terabaiti 600. SSD nyingi za bei ya chini hutumia QLC (biti nne kila seli), ambazo zikishajaa, ukinakili faili kubwa la video, kasi huporomoka. Kwa mtu wa gemu na barua si hoja, ila mimi nanakili arusi nzima kwa mkupuo. Video zilizokwisha nazihifadhi kwenye hadi diski ya zamani niliyokuwa nayo, na zinaridhika.

Kasha sitalitaja jina, ni la kawaida, ila nitataja nililolidai: mbele liwe na wavu badala ya kioo, na liwe na feni mbili za milimita 120 angalau, moja ivute hewa mbele na nyingine iitoe nyuma. Kasha la kioo mbele linapendeza dukani na linapika kadi nyumbani. Pima pia urefu wa kadi, kwa maana RX 6600 za watengenezaji mbalimbali zinapishana sana, nyingine zina feni mbili na nyingine tatu. Mazabodi ya micro-ATX, kipimo kidogo cha ATX kama hii yangu, ina upana wa milimita 244 kwa 244, inaingia kwenye kasha la ATX bila taabu, lakini kinyume chake hapana.

Kuunganisha kwenyewe hakuogopeshi kama watu wanavyosimulia, ila kuna mambo mawili matatu yasiyoandikwa vizuri kwenye vikaratasi. Kipoza joto cha Wraith Stealth kinachokuja na 5600 kinafungwa kwa skrubu nne, na ili kukifunga unatoa kwanza vile vishikio vya plastiki vya mazabodi. Ukivitoa, bamba la chuma la nyuma linaanguka. Lishikilie kwa vidole kutoka chini. Kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Krimu imekwisha pakwa, usiongeze. Ukija kukitoa siku za usoni, washa mashine kwanza ipate joto, uizime, kisha kizungushe taratibu kabla ya kukiinua, kwa kuwa kwenye AM4 prosesa inaweza kung'oka pamoja nacho ikining'inia na pini zake 1331 hewani. Na plagi ya pini 8 ya prosesa si ile ya pini 8 ya kadi, ingawa zinafanana. Zimeandikwa CPU na PCIe. Isipoingia kwa hiari usiilazimishe.

Sauti ya kipoza hicho ndiyo malalamiko yangu makubwa kwa mashine nzima. Kwa kazi nyepesi hukisikii. Prosesa ikibanwa kutoa video, kinavuma kiasi cha kusikika chumba cha pili. Hakina hatari yoyote, kinapoza inavyotakiwa, ni kelele tu. Nimepunguza mwendo wa feni kwenye BIOS ikapata nafuu, na kipoza kikubwa cha bomba nne kiko kwenye orodha ya vitu vya kununua kabla ya kingine chochote.

Monita niliyo nayo ni ya 1080p na 144Hz (hubadili picha mara 144 kwa sekunde), na ni sehemu nyingine ya bajeti ambayo watu huisahau mpaka siku ya mwisho. Ikishachomekwa, Windows inaweza kuiacha kwenye 60Hz, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya skrini uibadilishe mwenyewe.

Kuhusu mfumo: msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usianze maisha mapya nao. Windows 11 inataka TPM 2.0, kifaa cha usalama cha kutunza funguo za siri, na Ryzen hii inayo ndani, inawashwa BIOS kwa jina la fTPM. Linux Mint, mfumo mbadala wa Windows, ni bure na RX 6600 inafanya kazi humo bila kusakinisha draiva, maana zimo tayari. Ningekaa huko moja kwa moja kama si DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ambayo toleo lake la bure kwenye Linux halifungui video za H.264, na video zote ninazoletewa na watu ni H.264. Mhariri anayeweza kuishi na Kdenlive, programu ya bure ya kuhariri, hana sababu ya kunifuata Windows.

Kila kitu kikishawaka, kabla siku za kurudisha bidhaa hazijaisha, tia Memtest86+ kwenye fleshi uiache ipime RAM usiku kucha. Kosa hata moja ni sababu ya kurudisha vijiti vyote viwili, maana viliuzwa kama jozi. Kisha ibane kadi na prosesa kwa pamoja, gemu nzito mbele na video ikitolewa nyuma, uone kama mashine inajizima yenyewe. Maboksi yatunze pamoja na risiti mpaka dhamana iishe. La kadi hasa, kwani namba ya utambulisho iliyoko kwenye boksi ndiyo watakayoilinganisha na ya kadi yenyewe.